Mashaka ya Auleria, Mshonaji wa Mtoni

Kitu cha kwanza Auleria kukitilia shaka kilikuwa sindano. Alinunua pakiti mpya dukani kwa Bi Jokha, kama alivyokuwa akinunua siku zote, akaketi karibu na dirisha atunge uzi, na uzi ukakataa kuingia. Akaulamba, akausokota, akajaribu tena. Tundu lilikuwa likimkimbia. Akachukua sindano ya pili, kisha ya tatu, mambo yakawa yale yale. Akazilaza juu ya kitambaa cheupe, akazitazama kwa kitambo kirefu. Hakufikiri kwamba mkono wake unatetemeka. Alifikiri: hizi si sindano nilizozizoea. Kuna mtu kanibadilishia.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 1952, Mtoni, katika nyumba ya vyumba sita iliyotazama barabara ya Kilwa. Auleria alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa Mhaya, amesoma kwa masista wa Bukoba, na huko huko akafundishwa kushona. Yeye na mumewe Adelard walivuka ziwa kwa meli, wakashika gari moshi Mwanza, wakateremka Dar es Salaam, Adelard alipopata kazi ya ukarani wa shehena stesheni. Mwaka wa nne sasa walikuwa wapangaji wa Bi Jokha binti Matar, mjane wa Kiarabu aliyezaliwa hapo hapo Mtoni na ambaye Kiarabu chenyewe alikijua cha kusalia tu. Duka la Bi Jokha lilikuwa katika chumba cha mbele. Aliuza unga, mafuta ya taa, sabuni, nyuzi na sindano.

Wanawake hawa wawili walipatana upesi. Bi Jokha ndiye aliyemfundisha Auleria kukuna nazi na kuchuja tui, na kusema Kiswahili bila kuyavuta maneno kama mtu aliyeshuka jana. Auleria ndiye aliyemshonea Bi Jokha kila vazi alilovaa. Alimwamkia "Shikamoo, mama," na yule akamwitikia "Marahaba, mwanangu," na hakuna aliyesema hayo kwa mdomo tu.

Kwa hiyo siku ile ya sindano Auleria alijionea haya. Alizirudisha katika pakiti, akamwomba Zuena, mpangaji wa chumba cha pili, amtungie uzi. Zuena akatunga mara moja, sindano ile ile. Auleria akashukuru, na moyoni akasema: mbona huyu kaweza upesi hivyo?

Masika yakapita, kipupwe kikaingia, watu wakaanza kujifunika shuka mbili. Auleria alilala sakafuni kwenye saruji, bila mkeka, na bado alitoka jasho. Alikula kuliko Adelard. Alikula ndizi, akala wali, akaamka asubuhi akala kiporo, na gauni alilojishonea Krismasi likawa linamning'inia mabegani. Akalipunguza mara moja, akalipunguza tena.

"Auleria, mbona unakwisha?" Zuena alimuuliza siku moja kisimani.

"Nakwisha vipi?"

"Shingo imebaki uzi. Na macho."

"Macho yana nini?"

Zuena akainamia ndoo yake. "Hayana kitu," akasema.

Tangu siku hiyo Auleria akaanza kuona kwamba watu wanamtazama. Na kweli walimtazama. Macho yake yalikuwa yametoka mbele kidogo, weupe ukionekana juu ya mboni, mfano wa mtu aliyeshtuliwa na bado hajatulia. Kila aliyepishana naye njia ya Temeke aligeuka mara ya pili. Yeye hakuwa na kioo kikubwa; alikuwa na kile kidogo cha Adelard cha kunyolea ndevu, kinachoonyesha nusu ya uso. Hakuyaona macho yake yalivyokuwa. Aliona watu wakigeuka tu, akajiuliza wameambiwa nini, na nani aliyewaambia.

Kisha kulikuwa na moyo wenyewe. Alikuwa ameketi kwenye cherehani alasiri moja, hana haraka wala hana neno na mtu, moyo ukaanza kwenda mbio. Ulikwenda kama wa mtu aliyekimbizwa. Akaacha kuzungusha gurudumu, akasikiliza. Na wakati anasikiliza, kutoka dukani kikaja kicheko cha Bi Jokha, na cha Zuena kikafuata.

Wananicheka mimi, akawaza. Akasikia baridi ya hofu ikimshuka mgongoni, na sasa moyo ulikuwa na sababu ya kukimbia.

Ikawa ndiyo desturi. Moyo ulianza kwanza; yeye akainua kichwa kutafuta, na yeyote aliyekuwa karibu ndiye aliyepatikana. Na kwa kuwa aliyekuwa karibu siku zote ni Bi Jokha, mwenye duka ukuta wa pili, Bi Jokha akawa ndiye. Miaka mingi baadaye Auleria aliweza kuyaeleza haya kwa utulivu kabisa. Wakati ule hayakuwa na mwanzo wala mwisho. Yalikuwa ni kweli tu, kama njaa ilivyo kweli.

Kazi ikaanza kuharibika. Anjelina, mke wa mwalimu mmoja, alimletea hariri ya gauni la harusi ya mdogo wake, vifungo ishirini na nne mgongoni. Auleria alikuwa akijulikana kwa matundu ya vifungo. Safari hii yalitoka yamepinda, mengine makubwa, mengine yamechanika pembeni. Anjelina alikuja, akalishika gauni, akalipitisha polepole mikononi. Hakugomba. Alisema tu atalimalizia kwa mtu mwingine ili Auleria apumzike.

"Nani kakwambia nahitaji kupumzika?" Auleria akauliza.

"Hakuna aliyeniambia, dada. Naona."

"Umepitia dukani kabla ya kuja kwangu?"

"Nimenunua sabuni."

Hilo lilitosha. Alipoondoka Anjelina, Auleria alikaa na vifungo vilivyobaki katika kiganja. Kikulacho ki nguoni mwako, alikumbuka. Alikuwa akimshonea Bi Jokha nguo miaka minne.

Mwezi wa Ramadhani ulipokwisha, Bi Jokha akaanza kumletea uji asubuhi. Yeye mwenyewe alikuwa akifunga ile sita ya baada ya Idi, Jumatatu na Alhamisi, hali kitu mpaka magharibi, lakini aliamka akawasha jiko, akapika uji mwepesi wa mchele na tui, akaupeleka chumbani kwa mpangaji wake katika bakuli la bati lililofunikwa kwa kawa.

"Kunywa upate nguvu, mwanangu."

Siku ya kwanza na ya pili Auleria alikunywa. Siku ya tatu, alipofunua kawa, akasikia harufu. Ilikuwa ndogo na ikapita, kama mtu aliyepita dirishani amejitia marashi. Akainusa tena. Ilikuwa inatoka ndani ya bakuli.

"Mama, umetia nini humu?"

"Nimetia nini tena? Mchele, tui na sukari."

Lakini Bi Jokha alitazama chini aliposema, na Auleria alimwona akitazama chini. Siku ya tano harufu ilikuwapo tena, na rangi ya uji, aliapa, ilikuwa ya manjano kidogo. Alikunywa nusu. Kuanzia siku ya sita alisubiri mama yule atoke, kisha akaumwaga nyuma ya choo.

Alimwambia Adelard. Adelard, ambaye alikuwa mtu mpole wa kuepuka maneno, alivua viatu vyake taratibu, akaviweka pamoja.

"Harufu ya marashi kwenye uji? Labda ni mikono yake. Wanawake wa pwani hujipaka marashi."

"Mikono yake naijua inanuka nini. Inanuka mafuta ya taa."

"Basi umesikia vibaya. Hulali, Auleria. Mtu asiyelala husikia vitu."

Siku mbili baadaye alitoka kisimani mapema kuliko kawaida, akapitia mlango wa nyuma, na katika giza la ukumbi akawakuta Adelard na Bi Jokha wamesimama karibu, wananong'ona. Walipomwona wakanyamaza. Adelard hakuwa na mazoea na mama huyu zaidi ya salamu. Chumbani Auleria akatua ndoo.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Habari za bati. Bati la chumba chetu linavuja, nilikuwa namwambia alitengeneze."

Auleria akainua macho darini. Mvua haikuwa imenyesha kwa majuma matano.

Akayamimina maji mtungini. Lakini tangu hapo alikuwa na jambo moja alilolijua kwa yakini, nalo ni kwamba mumewe amemdanganya, na juu ya jambo hilo moja akajenga nyumba nzima. Alipekua mifuko ya koti lake. Alinusa mashati yake kama yana marashi. Jioni alisimama barabarani ahakikishe anatoka upande wa mjini na si upande mwingine. Adelard alimwona, akapita kama hajamwona, na kupita kwake huko nako kukawa ushahidi.

Mambo yalilipuka siku ya Alhamisi. Mtaani kulikuwa na harusi, na wanawake kama kumi walikuwa wameketi uani kwa Bi Jokha wakichagua mchele kwenye sinia. Auleria alitoka chumbani na bakuli la uji wa asubuhi hiyo mikononi. Hakupiga kelele. Alilitua bakuli katikati yao, juu ya jamvi.

"Mama huyu ananilisha vitu," alisema. "Mimi nakwisha mnaniona. Kama nasema uongo, na anywe yeye mbele yenu."

Mikono ikasimama juu ya masinia. Bi Jokha alikuwa amechuchumaa karibu na jiko. Uso wake ulibadilika, na kila mtu aliuona ukibadilika.

"Nimefunga," akasema.

Ilikuwa kweli, na nusu ya wanawake wale walijua kuwa ni kweli. Lakini neno lile, mahali pale, lilisikika kama neno la mtu anayetafuta pa kutokea. Mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba funga ya sita ni ya sunna, mtu akiifungua hapati dhambi. Bi Jokha akamtazama aliyesema hivyo, kisha akamtazama Auleria, akaingia ndani na kufunga mlango. Bakuli likabaki pale juu ya jamvi. Hakuna aliyeligusa, na mchele wa harusi ukahamishiwa nyumba nyingine.

Siku nne baadaye Adelard na mkewe walihamia Temeke, chumba kimoja kwa mtu aitwaye Bakari, mpiga chapa wa magunia bandarini. Auleria ndiye aliyetaka. Huku nyuma, watu wa Mtoni wakaanza kupita duka la Bi Jokha bila kuingia. Sabuni walinunua, kwa kuwa sabuni hailiwi. Unga walikwenda kuutafuta mbali.

Temeke ilimpa Auleria siku nane. Alilala, akashona pindo mbili tatu, akasema mwenyewe kwamba unaona sasa, ni ile nyumba. Siku ya tisa, akiwa anakunja nguo, moyo ukaenda mbio, na saa hiyo hiyo Bakari akakohoa upande wa pili wa ukuta. Auleria akasimama na shati mkononi. Alikohoa kwa nini sasa hivi? Jioni alimwambia Adelard kwamba mwenye nyumba anampa mtu ishara.

Adelard alilala macho usiku ule. Siku zote alikuwa amejiambia kwamba tatizo ni wanawake wawili wasioelewana. Sasa Bi Jokha hayupo, na woga umehama nao, umefungwa katika mizigo pamoja na sufuria.

Jumamosi akamwambia wanakwenda mjini kununua kitambaa. Walipofika mjini hakugeukia maduka ya Wahindi, alinyoosha njia ya hospitali. Auleria alielewa kabla hawajafika langoni. Akasimama.

"Umenidanganya tena."

"Nimekudanganya," Adelard akasema. "Ningekuambia usingekuja. Kama hutaki kuingia, turudi."

Labda aliingia kwa sababu safari hii alikiri. Labda ni kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha nguvu na ndani kulikuwa na benchi.

Aliyewapokea alikuwa msaidizi wa daktari aitwaye Mwishehe, Mzaramo wa makamo mwenye miwani, aliyekuwa amefanya kazi hospitalini tangu enzi za karantini ya tauni, kama alivyopenda kusema. Hakumuuliza habari za uji. Alimwambia anyooshe mikono mbele, vidole vimetanuka, akachukua karatasi moja ya ofisi akailaza juu yake. Karatasi ikacheza. Hapakuwa na upepo, madirisha yalikuwa yamefungwa, nayo ikacheza mpaka ikaanguka. Akamshika kifundo cha mkono akitazama saa. Akampa kikombe cha maji, akamwambia ameze polepole, yeye akiwa amesimama nyuma yake na vidole kooni.

"Unatoka jasho wakati wengine wanajifunika?"

"Ndiyo."

"Unakula na unakonda?"

"Ndiyo."

"Na ni nani unayemwogopa?"

Auleria akarudi nyuma. Akamtazama Adelard, akamtazama Mwishehe. "Nani kakwambia namwogopa mtu?"

"Hajaniambia mtu. Lakini karibu kila mwenye ugonjwa huu wa tezi la koo hunitajia jina. Mwaka jana mzee mmoja wa Boko alimtaja ndugu yake. Mama mwingine alimtaja padri wake. Wewe utanitajia wako ukipenda, usipopenda basi."

Daktari Mzungu alikuja, akamkagua, akakubaliana na msaidizi wake. Kulikuwa na tezi dogo mbele ya koo, chini ya ngozi, lililokuwa likifanya kazi kupita kiasi na kuuchochea mwili mzima, moyo, mikono, jasho, macho. Alilazwa. Kulikuwa na vidonge, vitatu kwa siku, vya muda mrefu.

Kidonge cha kwanza Auleria alikificha chini ya godoro. Cha pili pia. Mwishehe alivipata, akavuta kiti.

"Nikikwambia uniamini utaniamini?"

"Hapana."

"Vizuri. Usiniamini. Amini saa ile." Akaonyesha saa ya ukutani. Akamfundisha kuushika mshipa wake mwenyewe chini ya kidole gumba, kuhesabu mpaka mshale uzunguke mara moja, na kuandika. Siku ile ulipiga mia moja thelathini na mbili. "Kunywa juma moja kisha uhesabu. Usipoteremka, uvitupe mbele yangu."

Kisha akamweleza, na Auleria aliyashika maneno yale mpaka uzeeni. Akili ya mtu, Mwishehe alisema, imekaa gizani ndani ya fuvu. Haioni moyo, inasikia tu habari zake. Ikisikia moyo unakimbia, haiwezi kukaa bila kujua kwa nini. Kama kuna chui, itasema chui. Kama hakuna chui, itatazama nani yupo karibu, itakumbuka hadithi ilizowahi kusikia, za sumu, za wachawi, za waume, na kutokana na hizo itafanya woga uliokamilika, wenye jina na sura. "Wala si uongo unaokuwa unasema," akamwambia. "Woga unakuwa ni woga kweli. Mtu tu ndiye aliyekosewa."

"Na kama mtu huyo kweli anafanya kitu?"

Mwishehe alifikiri. "Basi utamuuliza moyo wako ukiwa umeteremka. Sasa hivi wewe si shahidi mzuri."

Auleria akameza kidonge, akiwa bado hamwamini. Mia ishirini na sita. Mia kumi na nane. Mia na nne. Aliandika kwa penseli nyuma ya picha ya Mtakatifu Tereza. Jinsi hesabu ilivyoteremka ndivyo watu walivyopungua ukali. Alasiri moja muuguzi alipita na trei ya mikasi, moyo ukaruka, na Auleria akajikuta anamtafutia muuguzi yule nia mbaya. Akashika mshipa badala ya kumtafutia. Alihesabu mara mbili. Hofu ikakaa, ikakosa wa kumkamata, ikaondoka yenyewe. Alilia, na hakuweza kumweleza mgonjwa wa kitanda cha pili kilichomliza.

Alitoka mwezi wa kumi, akiwa na chupa ya vidonge na mapigo themanini na nane. Mikono ilishika sindano. Alichokosa ni raha. Alikuwa amehama kutoka kuwashuku watu na sasa alijishuku mwenyewe. Alisikia harufu ya moshi, akamuuliza Adelard kama na yeye anaisikia. Alifurahi, akahesabu mapigo. Kama pua yake ilimdanganya kuhusu uji, na macho yake yakamdanganya kuhusu Bi Jokha, aamini nini? Adelard alimwambia yote yalikuwa ugonjwa, asahau. Alilisema neno hilo mara nyingi, akiwa anatazama pembeni.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, baada ya misa, bila kumuaga, Auleria alikwenda Mtoni kwa miguu.

Bi Jokha alikuwa peke yake dukani. Rafu zilikuwa na mapengo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuongeza mwanangu.

Auleria alisema alichokuja kusema. Alieleza tezi, vidonge, maneno ya Mwishehe. Alisema amekosa, na kwamba amekosa mbele za watu, kwa hiyo ataomba radhi mbele za watu. Bi Jokha alimsikiliza akiwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke.

"Nimefurahi umepona," akasema. "Lakini nikwambie kweli. Ulipotokea pale barabarani, moyo wangu ulikwenda mbio. Mpaka sasa unakwenda. Na mie sina tezi."

 Auleria akainama kuchukua mkoba wake.

"Ngoja," Bi Jokha akasema. "Usiende hivyo. Nami nina langu." Akatazama mlangoni kama kuna mtu. "Kitu nilitia."

"Ulitia nini?"

"Kombe. Nilikwenda kwa mwalimu Sadallah wa chuoni, nikamwambia nina mtoto anaisha. Akaniandikia aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa marashi. Nilikutilia kijiko kijiko kwenye uji. Ulikuwa unakufa, Auleria. Nami nilijua wewe ni Mkristo, hutakunywa."

Auleria aliketi juu ya gunia. Kitu cha kwanza alichosikia ndani yake kilikuwa nafuu, nafuu kubwa ya ajabu, kwamba harufu ilikuwapo. Rangi ya manjano ilikuwapo. Pua ilikuwa yake na ilikuwa nzima. Kisha, nyuma ya nafuu, hasira ikaja, na alipohesabu mshipa wake chini ya mkoba ulikuwa unapiga kama kawaida, kwa hiyo aliiamini.

"Nilikuuliza. Ungeniambia, ningejua sina wazimu."

"Ningekuambia ungekunywa?"

"Nisingekunywa."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Na ndiyo maana ulipaswa kuniambia, mama."

 Nje lori lilipita likielekea Mbagala, vumbi likaingia mpaka kwenye rafu.

"Adelard alijua?" Auleria akauliza.

"Alijua. Alikataa mara mbili, ya tatu akaniambia fanya, lakini asijue."

Jioni ile Temeke hakukuwa na ugomvi mkubwa. Auleria alimuuliza mumewe kama bati la Mtoni bado linavuja. Adelard akaelewa pale pale. Alisema alidhani anamkinga. Alisema baada ya hospitali aliona ni rahisi zaidi yote yawe ugonjwa.

"Rahisi kwa nani?" Auleria akasema. "Umeniacha miezi mitatu naulizia harufu ya moshi kama kipofu anaulizia njia."

Hakusema naye mpaka Jumatano. Jumapili iliyofuata Adelard alikwenda Mtoni pamoja naye, na wote wawili wakasimama uani kwa Bi Jokha mbele ya wale walioweza kukusanywa, Zuena na Anjelina miongoni mwao. Auleria alieleza yote, tezi lake na kombe, bila kupamba. Adelard, ambaye hakuwahi kusema mbele za watu zaidi ya watatu, alisema yeye ndiye aliyedanganya kuhusu bati. Mwanamke mmoja mzee akauliza, kumbe ni kombe tu? Mwingine akasema alijua tangu mwanzo, jambo ambalo halikuwa kweli. Biashara ya unga ilirudi polepole, na wako waliokwenda kununua mbali mpaka wakafa.

Bi Jokha na Auleria hawakurudi kuwa mama na mwana kama zamani. Walikuwa kitu kingine, cha tahadhari zaidi. Bi Jokha alileta vitambaa vyake vishonwe Temeke, akaketi karibu na mlango, na kila mmoja alimuuliza mwenzake mambo waziwazi ambayo kabla ya hapo wangeyapitisha kwa adabu. Umekasirika? Umeninyamazia kwa nini? Watu waliowasikia walidhani wanagombana.

Vidonge Auleria alivinywa karibu miaka miwili, kisha daktari akamwachisha. Desturi ya kuhesabu hakuiacha. Wasiwasi ulipomshika alishika kwanza mshipa. Ukiwa wa mbio, alikunywa maji, akakaa, akawaacha watu wote bila hatia mpaka uteremke. Ukiwa wa kawaida, aliuliza.

Jioni moja mwaka 1955 alikuwa anakata gauni mezani, Adelard akiwa upande wa pili anasoma gazeti ambalo hakuwa akilifunua. Auleria akaweka mkasi chini. Akashika kifundo cha mkono, akatazama saa. Sabini na nane.

"Kuna jambo hujaniambia," akasema.

Adelard akakunja gazeti. "Wananihamisha Tabora."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Ilikuwa Alhamisi. Auleria akauchukua mkasi. Gauni lilikuwa la mtu na lilitakiwa Jumamosi, na siku mbili, akilinganisha na zamani, aliona si mbaya.